Johannes Rebmann wa Rabai

Wengi wetu twalijua jina la Johannes Rebmann kwa ajili ya mlima. Shuleni tulifundishwa ya kuwa ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro, aliyoiona tarehe 11 Mei 1848. Kisha habari zake zikaishia hapo. Lakini siku ile ilikuwa moja tu. Twataka kuwasimulia zile nyingine, maana ndizo zilizotufunza tumaini ni kitu gani.

Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alisoma Basel, kisha akatumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, akafika Mombasa mwaka 1846. Ludwig Krapf ndiye aliyempokea, naye alikuwa amekwisha kumzika mkewe na mtoto wake pwani ile miaka miwili kabla. Mwaka ule ule wakapanda wote wawili kwenda kukaa Rabai, hali wana homa.

Katika safari ya kwanza ya Uchaga alifuatana na kiongozi Bwana Kheri na watu wachache, naye mkononi alishika mwavuli, si bunduki. Habari za theluji zilipofika Ulaya, bwana mmoja wa London, Desborough Cooley, mtu wa vitabu ambaye hakuuona mlima ule kamwe, alizikana kwa nguvu, na wengi wakamsadiki yeye. Mwaka 1849 Rebmann akaenda mara ya tatu, akitaka kufika hata Unyamwezi. Huko Machame Mangi Mamkinga akamnyang'anya mali yake ya njiani, akarudi pwani mgonjwa, mikono mitupu. Hapo safari zake kubwa zikakoma, naye alikuwa hajatimiza miaka thelathini.

Ikabaki Rabai. Yeye na Krapf hawakuwa na shauri moja: Krapf aliwaza vituo vingi, kimoja baada ya kingine, mpaka kuvuka Afrika, Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja. Krapf akaenda zake mwaka 1853, na mwenzao Erhardt mwaka 1855. Mwaka 1857 Wamasai wakashambulia, Rebmann na mkewe Emma wakakimbia. Baadaye wakarudi wakaanza tena. Mwaka 1866 Emma akafa. Na Wakristo, baada ya taabu hizo zote, walikuwa wachache mno. Hatusemi hakuvunjika moyo. Twajua tu ya kwamba hakuondoka.

Je, alifanya nini siku hizo zote? Aliandika maneno. Aliuliza neno, akaliandika, akamwuliza mtu mwingine, akalifuta, akaliandika upya. Mombasa alimkuta Salimini, mtumwa aliyetekwa mbali sana, katika nchi za ziwa Nyasa, na kutoka kinywani mwake akaanza kuandika kamusi ya lugha ya huko. Hakuna aliyekuwa akikingoja kitabu hicho. Hapakuwa na misioni Nyasa wakati ule, wala shule, wala msomaji hata mmoja. Sisi tuliojaribu kuandika maneno mia tu ya lugha za nyumbani kwetu twajua jinsi kazi hiyo inavyochosha. Yeye aliishika miaka na miaka, hata macho yakaanza kumfifilia.

Cooley naye alishindwa. Mwaka 1861 na 1862 Baron von der Decken alikwenda Kilimanjaro, akashuhudia ya kuwa theluji ipo kweli. Na Machame, mahali pale pale Rebmann aliponyang'anywa, wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893. Lakini hayo hakuyaona.

Aliondoka Rabai mwaka 1875, karibu kipofu kabisa, baada ya miaka 29 pasipo kurudi kwao hata mara moja. Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, alisafiri naye akamwongoza njiani. Akafa Korntal, tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf, aliyetofautiana naye zamani, akazichukua karatasi zake, akazitengeneza, na mwaka 1877 kamusi ya Kinyasa ikapigwa chapa, ikiwa na maneno aliyoyatoa Salimini.