Mchoraji Aliyesahauliwa Kisha Akakumbukwa

Caspar David Friedrich alizaliwa mwaka 1774 huko Greifswald, mji wa pwani ya Baltiki, ambao leo umo Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka 13, nduguye mdogo alizama majini machoni pake. Yasemekana barafu ilivunjika, naye ndugu huyo akafa katika kumwokoa Caspar.

Wengi huiona huzuni hiyo katika picha yake ya mwaka 1824, "Bahari ya Barafu", inayoonyesha merikebu iliyopondwa na mabonge ya barafu. Picha hiyo haikupata mnunuzi maisha yake yote. Alipooza mwaka 1835, akafariki Dresden mwaka 1840, hali ni maskini aliyesahauliwa.

Maonyesho ya Berlin ya mwaka 1906 yalilifufua jina lake. Leo picha ile iliyokataliwa ni fahari ya jumba la sanaa la Hamburg.