Askofu Steere na Kanisa la Sokoni

Sisi tukaao Dodoma twajua ya kuwa njia kuu ya misafara ilipita katika nchi ya Wagogo. Zilipita pembe za ndovu, wakapita na watu waliofungwa minyororo, wakielekea pwani. Wengi zaidi walitoka Nyasa kwa njia ya Kilwa, lakini soko lao lilikuwa moja, nalo lilikuwa Unguja. Yatupasa kumkumbuka aliyejenga kanisa mahali pa soko lile, ijapokuwa hakuwa Mkatoliki.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaiacha akawa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1864 alifika Unguja, akajifunza Kiswahili kwa bidii hata akatoa kitabu cha sarufi mwaka 1870. Kiswahili sanifu tunachokiandika leo kilipata msingi wake katika lugha hiyo ya Unguja.

Juni 1873 Sultani Barghash alikubali soko lifungwe, na siku ya Noeli mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi. Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874, alishiriki kulichora kanisa hilo na kuwasimamia mafundi. Paa lake la kuba lilijengwa kwa saruji na mawe ya matumbawe. Wengi walidhani litaanguka. Nalo lasimama hata leo. Mapokeo husema kwamba altare imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Mwaka 1876 Steere aliwaongoza watumwa waliokombolewa hadi Masasi, wapate makao. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Kanisa hilo lina madirisha ya vioo vya rangi. Vioo vya namna hiyo hupata rangi tanuruni, hukatwa vipande, kisha huunganishwa kwa vipande vyembamba vya risasi. Usiku huwa vyeusi. Jua likichomoza, ndipo picha huonekana. Kioo kimoja ni ukumbusho wa mabaharia Waingereza waliokufa wakiwasaka wauza watumwa baharini. Basi twauliza: wale waliouzwa, kioo chao ki wapi? Sanamu zao ziliwekwa nje ya kanisa katika miaka ya 1990, zaidi ya karne moja baadaye.

Tena, kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Unguja ulidumu kisheria hata mwaka 1897, na Tanganyika hata 1922. Hata sasa wapo wasichana wa mikoa yetu wanaochukuliwa mijini kufanya kazi za nyumbani, na wengine hawapewi mshahara wala ruhusa ya kwenda kanisani. Kila familia ya Kikristo iliyo na mtumishi na ijiulize: je, yeye analijua jua la Jumapili, au anaishi nyuma ya kioo cheusi? Steere alijenga mahali pa uovu. Sisi twaombwa jambo lililo dogo zaidi: tusiurudishe uovu huo katika nyumba zetu.