Misa ya Kamina ni Funzo kwa Walimu

Kila ziwadiapo siku za tamasha la muziki la shule, kwaya zetu za Nyamache na kwingineko Gusii hujitahidi kuimba tungo za Kilatini za watunzi wa Ulaya. Sina ugomvi na jambo hilo. Hata hivyo, ningependa walimu na wanafunzi wamfahamu marehemu Padri Guido Haazen, ambaye misa iliyompa sifa ilizaliwa shuleni, katika Afrika yetu hii.

Haazen alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1921, akajiunga na shirika la Wafransisko. Mwaka 1953 alitumwa Kamina, Katanga, kusimamia shule. Kongo ilikuwa ingali koloni, na wamisionari wengi waliziona ngoma zetu kuwa ushenzi. Yeye alizitegea sikio. Aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu 15, ikapewa jina la Mfalme Baudouin.

Humo ndimo ilimozaliwa Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, kama Kanisa lilivyoagiza wakati huo, lakini mahadhi yalikuwa ya Waluba na jirani zao: maombolezo, nyimbo za kuagana, midundo ya ngoma. Haikuanza kwa noti. Waimbaji waliibuni papo kwa papo. Iliimbwa ibadani Kamina mwezi Machi 1958, na mwaka huo huo kwaya ikazuru Ulaya, ikaimba katika Maonyesho ya Dunia mjini Brussels.

Kwa jicho la mwanaisimu, naona hekima katika mseto huo. Kiluba, kama Ekegusii, ni lugha ya toni. Maneno yetu yakibandikwa juu ya sauti za kigeni, toni huvurugika na maana ikapotea. Kilatini hakina toni. Kwa hiyo vijana wale waliweza kufuata mahadhi yao bila kuharibu neno lolote.

Haazen alifariki mwaka 2004. Jina lake limo kwenye santuri. Majina ya wavulana na walimu waliobuni pamoja naye ni nadra kutajwa. Dhuluma hiyo tusiirudie. Mwalimu wa kwaya, kabla ya kugawa karatasi za noti, na awaulize wanafunzi nyimbo wanazozijua kutoka nyumbani, awasikilizishe obokano, kisha atulie asikilize. Na watakachokibuni, kiandikwe kwa majina yao.