MZEE OJWANG' WA VITIMBI

Wakati sisi wa Machame tulipokuwa bado tukitegemea redio, maana Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, jirani zetu wa Kenya walikwisha kumzoea Mzee Ojwang' katika mchezo wa Vitimbi.

Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Pamoja na Mary Khavere, aliyeigiza mkewe, Mama Kayai, alionyesha vituko vya nyumbani ambavyo kila mwenye ndoa anavifahamu. Kwa lafudhi yake ya Kijaluo, watazamaji wengi waliamini kuwa ni Mjaluo. Kumbe alikuwa Mkikuyu! Makabila hayo mawili yamevutana mara nyingi katika siasa, lakini mbele ya Mzee Ojwang' yalicheka pamoja. Hiyo ni kazi kubwa kwa mtu mmoja.

Hata hivyo, umaarufu haukumletea utajiri. Uzeeni macho yalimsumbua, na wananchi wakachanga fedha ili atibiwe. Alifariki dunia mjini Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78.

Nasi tujiulize. Katika mitaa yetu wamo wazee waliotufurahisha arusini na waliotufundisha kuimba. Leo wengine wanakaa peke yao migombani, hawaoni vizuri. Mara nyingi mchango wetu hufika siku ya msiba. Basi tuwatembelee sasa, tuwapelekee mtori wa moto, tucheke nao wangali wakitusikia.