SEYYID BARGHASH: SULTANI ALIYELETA MAJI MJINI

Katika toleo hili nimepewa nafasi niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Huenda wengi wenu mlidhani nitamchagua mpigania uhuru ama mshairi. La! Mimi nimemchagua Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Katika somo la Historia tunampitia mbio mbio kwa sababu ya mkataba wa 1873, kisha tunafungua ukurasa mwingine. Lakini liko jambo lake moja ambalo sisi watu wa Migori na Homa Bay, watu wa ziwa, hatuna budi kulijua.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said, yule aliyehamisha makao yake makuu kutoka Maskati hadi Unguja. Mwaka 1856 mzee huyo alifariki dunia baharini akiwa njiani kurudi kutoka Omani, na Barghash alikuwa katika safari hiyo hiyo. Walipofika Unguja, kijana alimzika baba yake usiku kwa siri, akajaribu kunyakua kiti. Hakufua dafu. Kiti kikamwendea ndugu yake, Majid.

Mwaka 1859 alijaribu tena, mara hii akisaidiwa na dada zake, akiwemo Bi Salme. Waingereza wakamuunga mkono Majid, na Barghash akashindwa. Alipelekwa uhamishoni Bombay, nchini India, akakaa huko kama miaka miwili. Sasa hebu tazameni: katika miaka ile ile, mji wa Bombay ulikuwa ukianza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar lililo nje ya mji. Mimi naamini kijana huyo aliona mengi kule kuliko adhabu tu.

Aliporudi nyumbani, mji wa Unguja ulikuwa na visima karibu na vyoo, na taka zikitupwa ufuoni. Mnamo Novemba 1869 msiba ukaingia: kipindupindu. Daktari mmoja Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja, James Christie, aliufuatilia ugonjwa huo akaandika kitabu mwaka 1876. Alionyesha kwamba ulipitia bara, nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, ukavuka bahari hadi Unguja. Kutoka hapo majahazi yakauchukua mpaka Kilwa na Visiwa vya Ngazija. Maelfu ya watu walikufa, na walioumia zaidi ni maskini na watumwa. Wakati huo watu wengi duniani bado waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Robert Koch hakuwa bado ameonyesha kijidudu chake. Hiyo ilikuja mwaka 1884.

Oktoba 1870 Majid alifariki, naye Barghash akakalia kiti alichokitamani miaka 14. Lakini kiti chenyewe kilikuwa cha moto! Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilivunja meli zake na kung'oa mikarafuu. Mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa likafungwa. Hapa nisiwafiche: utajiri wa ukoo wake ulitokana kwa sehemu kubwa na jasho la watumwa, na yeye hakuiacha biashara hiyo kwa hiari. Tukimsifu mtu, tumsifu kwa haki, tusimpake rangi.

Baada ya hapo alijenga. Mwaka 1875 alizuru London. Alinunua meli za moshi. Mwaka 1883 alimaliza Beit-el-Ajaib, jumba la maajabu, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Alijenga pia hamamu ya watu wote kuogea, na mpaka leo mtaa huo unaitwa Hamamni. Lakini kwangu mimi ajabu yake kubwa si jumba. Ni mfereji. Alichukua maji ya chemchemi iliyo nje ya mji, mahali paitwapo Chemchem, akayaleta mpaka mjini. Watu waliozoea kuteka visima vichafu wakapata maji safi. Barghash alifariki Machi 1888, huku Wajerumani wakiwa wamekwisha kummegea nchi yake ya bara.

Sasa mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Siku hizi, katika meli kubwa za watalii, abiria huugua kuhara na kutapika kwa sababu ya kirusi kiitwacho norovirusi. Wanakula pamoja, wanashika vyuma vile vile vya ngazi, basi mmoja akiugua wanafuata wengi. Kumbe ile sanitaiza ya spiriti, tuliyoizoea tangu wakati wa korona, haikiwezi vizuri kirusi hicho! Kinachosaidia ni kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, ili kirusi kiondoke mikononi, na kusafisha vyombo na sakafu kwa dawa ya klorini. Kwa hiyo mwenye chupa ya sanitaiza lakini hana maji, bado yumo hatarini.

Na sisi je? Mwaka 2015 kipindupindu kilipiga Migori na Homa Bay. Boti zetu za Mbita, Mfangano, Sori na Muhuru hubeba watu kama majahazi yale ya Unguja: abiria, omena na magonjwa, vyote safari moja. Ufuoni mtu huoga, jirani yake huosha sufuria, na mtoto huteka maji ya kunywa pale pale. Ziwa lote hili liko mbele yetu, lakini maji safi ni ya kutafuta. Jamani, ikiwa mfereji uliwezekana Unguja zaidi ya miaka 130 iliyopita, hapa unashindikana kwa nini?

Sisi wanafunzi hatuna hazina ya sultani. Lakini tunaweza kuchemsha maji ya kunywa ama kuyatia dawa. Tunaweza kutoboa mtungi wa plastiki, kuutundika karibu na choo na kuweka kipande cha sabuni. Tunaweza pia kuwauliza viongozi wetu, kwa adabu lakini bila woga, bomba litafika ufuoni lini. Kiongozi hukumbukwa kwa mengi, lakini anayewapa watu maji huokoa hata wasiojua jina lake.

Kanaweni mikono kabla ya chakula cha mchana!