LORD MANSFIELD, JAJI MKUU WA UINGEREZA

Wanafunzi wengi husikia kwamba sheria hutungwa na Bunge, wakadhani kwamba pasipo Bunge hapana sheria. Maisha ya Lord Mansfield yatuonyesha kwamba sivyo.

Wazazi wake walimwita William Murray. Alizaliwa tarehe 2 Machi, 1705, huko Scone katika nchi ya Scotland. Babaye alikuwa mtu wa ukoo bora, lakini mali yake ilikuwa haba na watoto wengi. Mwaka 1718, akiwa na umri wa miaka 13, William alipanda farasi mdogo akasafiri karibu miezi miwili mpaka London, ili aingie shule ya Westminster. Kisha akaenda chuo kikuu cha Oxford, na mwaka 1730 akawa wakili. Mwaka 1756 alifanywa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mfalme, akaikalia kazi hiyo miaka 32.

Sheria ya Bunge huandikwa kwanza, ndipo hutumiwa. Mtu aweza kufungua kitabu na kuisoma kifungu kwa kifungu. Lakini Waingereza wanayo na sheria nyingine, iitwayo sheria ya kawaida, ambayo haikutungwa siku moja wala na mtu mmoja. Tangu zamani za Mfalme Henry II, aliyetawala mwaka 1154 mpaka 1189, majaji walizunguka nchi wakikata mashauri kwa kufuata desturi na akili. Hukumu ya leo ikawa mfano wa kufuatwa kesho katika shauri linalofanana nalo. Hata hivyo, Bunge likitunga sheria inayopingana na hukumu hizo, sheria ya Bunge ndiyo inayoshika.

Mansfield aliikuza sana sheria hiyo ya kawaida. Aliwaita wafanya biashara wa London mahakamani, akajifunza desturi zao za hawala na bima, akazitia katika hukumu zake. Mwaka 1766 aliamua kwamba mtu akataye bima hana budi kumweleza mwenye kampuni ya bima mambo yote makubwa anayoyajua. Bunge halikumwagiza kufanya hivyo.

Lakini shauri lililompa jina kubwa ni la James Somerset, Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Bwana wake, Charles Stewart, alimnunua Virginia, akamleta Uingereza mwaka 1769. Baada ya miaka miwili Somerset alitoroka. Akakamatwa, akatiwa minyororo katika merikebu iliyokuwa ikienda Jamaica, ili akauzwe huko. Wadhamini wake wa ubatizo wakakimbilia mahakamani, na Mansfield akamwamuru nahodha amlete mtu huyo na kueleza kwa haki gani amemfunga.

Mahakama iliambiwa kwamba Uingereza ilikuwa na watumwa kama 14,000 au 15,000, na kwamba kuwaacha wote kungewatia mabwana hasara kubwa. Mansfield aliogopa uzito wa jambo hilo. Aliahirisha shauri mara kwa mara, akitumaini kwamba Stewart atamwacha Somerset kwa hiari yake. Stewart akakataa. Basi tarehe 22 Juni, 1772, Mansfield akatoa hukumu: utumwa ni jambo ovu, hauwezi kusimama ila juu ya sheria iliyotungwa, na Uingereza haikuwa na sheria ya namna hiyo. Somerset akatoka mahakamani akiwa huru.

Watu wengi walisema kwamba utumwa umekwisha Uingereza siku ile. Lakini hukumu yenyewe haikusema hivyo. Mansfield mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliamua jambo moja tu, kwamba bwana hana ruhusa kumtoa mtumwa wake nchini kwa nguvu. Nyumbani kwake alimlea Dido Elizabeth Belle, binti wa mpwa wake, ambaye mamaye alikuwa mtumwa Mwafrika. Katika wasia wake hakusahau kuandika kwamba Dido ni huru. Kama hukumu yake ingalitosha, kulikuwa na haja gani ya kuandika hivyo?

Alikufa tarehe 20 Machi, 1793, akazikwa Westminster Abbey. Biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza ilikatazwa na sheria ya Bunge mwaka 1807, na utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi kwa sheria ya mwaka 1833. Jaji alimfungua mtu mmoja pale ambapo Bunge lilinyamaza. Kuwafungua maelfu kulihitaji Bunge.

Sisi nasi tunahusika. Hata leo mahakama za Tanzania zaweza kuitumia sheria ya kawaida kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai, 1920, pale ambapo sheria zetu zilizotungwa hazikusema neno, na kwa kadiri hali ya nchi na wenyeji wake inavyoruhusu. Kwa hiyo mwanafunzi apendaye kuwa wakili asome sheria za Bunge kwa bidii, na pamoja nazo azisome hukumu.