Maria Montessori: Daktari Aliyeanza na Rangi Tatu



Katika parokia zetu wamo watoto wenye usonji ambao hawaonekani kanisani siku ya Dominika. Wengine hufichwa nyumbani kwa aibu, wengine kwa hofu kwamba watapiga kelele wakati wa Misa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi na makatekista wasiojua waanzie wapi, tumeona vema kusimulia maisha ya Maria Montessori, mwanamke Mkatoliki aliyeamini kwamba hakuna mtoto asiyefundishika.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, nchini Italia. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma na kuhitimu mwaka 1896, wakati ambapo wanawake madaktari walikuwa wachache mno. Kazi yake ilimfikisha katika hospitali za wagonjwa wa akili, ambako watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa pamoja na watu wazima. Inasimuliwa kwamba mlezi mmoja aliwadharau watoto hao kwa sababu, kila baada ya chakula, walijitupa sakafuni kuokota makombo. Maria aliona jambo jingine. Chumba kilikuwa kitupu, na mikono ya watoto ilikuwa ikitafuta kitu cha kushika.

Jina la usonji lilikuwa bado halijatolewa kwa hali tunayoijua leo. Maelezo ya kitaalamu ya daktari Leo Kanner yalichapishwa mwaka 1943. Lakini Maria alisoma kwa bidii maandiko ya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliowafundisha watoto wa namna hiyo kwa kupitia milango ya fahamu. Mwaka 1900 akawa mmoja wa wakurugenzi wa shule mjini Roma iliyoandaa walimu wa watoto hao. Baadhi ya watoto waliodhaniwa hawawezi kitu walijifunza kusoma na kuandika. Ndipo tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, na kuwapa watoto wote zana zilizozaliwa kwa ajili ya wale waliokataliwa.

Miongoni mwa zana hizo vilikuwamo vibao vidogo vya rangi, vilivyozungushiwa nyuzi za hariri. Sanduku la kwanza lilikuwa na vibao sita tu: viwili vyekundu, viwili vya manjano, viwili vya buluu. Vyote vililingana kwa umbo na ukubwa, ili kitu kimoja tu kitofautiane, nacho ni rangi. Mtoto alianza kwa kuoanisha, kimya kimya, kwa mikono yake. Majina yalifuata baadaye, kwa hatua tatu alizojifunza kwa Séguin. Kwanza mwalimu huonyesha kibao na kutaja rangi yake kwa maneno machache. Pili humwomba mtoto ampe kibao chekundu. Tatu humwonyesha na kumwuliza ni rangi gani. Mtoto akikosea, hakaripiwi. Mwalimu huviweka vibao kando na kuanza upya siku nyingine.

Utaratibu huu unawafaa sana watoto wengi wenye usonji, ambao maneno mengi huwachosha na kelele huwaumiza. Tena mtoto asiyesema anaweza kuishia hatua ya pili. Akikupa chekundu ulichoomba, amekwisha kujibu. Nyumbani yatosha kukata vipande sita vya kitambaa visivyo na maua, vya rangi hizo tatu, viwili viwili. Hii si dawa ya usonji. Ni mlango ambao mtoto na mzazi wanaweza kukutana.

Hatupaswi kuficha jeraha la mwanamke huyu. Mwaka 1898 alimzaa mwanawe Mario nje ya ndoa, na kwa kuogopa ulimwengu, mtoto alilelewa na watu wengine mashambani. Yeye aliyewatoa watoto wa wenzake mafichoni alikuwa na wake aliyefichwa. Mwaka 1913, baada ya kifo cha mama yake, alimchukua Mario, ambaye tangu hapo alikuwa mwandani wake katika kazi, hata nchini India walikoishi miaka ya vita. Maria alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki.

Ndugu wapendwa, habari hii inatugusa. Yawezekana nasi tunahubiri upendo kwa watoto wote, huku mmoja amefungiwa chumba cha nyuma. Maria alichelewa, lakini alimrudia mwanawe. Nasi hatujachelewa mno. Katekista aweza kuanza na rangi za mavazi ya Misa: kijani, nyekundu, zambarau na nyeupe. Mzazi aweza kuketi naye kanisani karibu na mlango, ili watoke kidogo akilemewa. Na sisi tuliobaki, mtoto huyo akipaza sauti, tusigeuze shingo kumtazama mama yake. Bwana aliyewakaribisha watoto hakuweka sharti la ukimya.